Soketi Inayocheza Ukutani

Harufu ilianza Jumanne jioni, nikadhani ni samaki. Nilifungua friji, nikamwaga takataka, nikasugua sinki mara mbili. Alhamisi, nilipochomoa plagi ya birika la umeme, soketi nzima ilifuatana nayo ikatoka ukutani karibu sentimita moja, na plagi yenyewe ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliiachia ikaanguka. Upande wa kulia, penye tundu la laivu, plastiki nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipoinama karibu ndipo nilipoipata ile harufu. Plastiki ngumu inayotengenezewa soketi nyingi, ikishikwa na joto, hunuka kama samaki aliyeanza kuharibika.

Ile soketi ilikuwa imelegea kwa miezi. Sote nyumbani tulijua: unaishika kwa mkono wa kushoto, unachomoa kwa wa kulia. Hata mtoto wa darasa la tatu alikuwa akimwelekeza mgeni, "Ishike hivi, auntie." Hatukumwita fundi kwa sababu birika lilikuwa linachemsha, simu zilikuwa zinajaa chaji, na breka haikuwahi kuruka hata siku moja. Nimekuja kuelewa kwamba hiyo sababu ya mwisho, breka kutoruka, ndiyo inayowadanganya watu wengi katika nyumba zetu za Kitengela.

Fyuzi na breka zina kazi moja: kuhesabu ampea zinazopita na kukata zikizidi. Soketi iliyolegea haizidishi ampea. Chukua birika la wati 2,000 kwenye stima yetu ya volti 240. Linavuta ampea 8 na kitu. Ikiwa shaba imebanwa vizuri, upinzani wa pale inapogusana ni miliomu chache tu, na joto linalotokea halifiki hata wati moja. Skrubu ikilegea, shaba ikashika masizi, upinzani ukapanda hadi nusu omu tu, mahali hapo padogo kuliko ukucha panazalisha wati kama 35. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu anachotumia fundi wa redio, nacho kimefungiwa ndani ya ukuta, kimezungukwa na plastiki. Birika linaendelea kuchemsha kama kawaida. Ampea hazikuongezeka, kama kuna tofauti, zimepungua kidogo. Breka haina cha kuikasirisha. Kile kifaa kingine kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini, kile cha miliampea 30, nacho hakioni kitu, maana hakuna kinachovuja.

Kisha ubaya unazaa ubaya. Joto linalainisha bamba la shaba linaloibana plagi, bamba linapoteza nguvu ya kubana, upinzani unapanda, joto linaongezeka. Marekani walilitazama tatizo hili wakaingiza katika kanuni zao za nyaya za mwaka 1999 sharti la kifaa kinachotambua cheche, kuanzia saketi za vyumba vya kulala. Katika nyumba za kupanga nilizoishi na kutembelea huku kwetu, sijakiona hata kimoja. Kwa hiyo mlinzi aliyebaki ni mkono unaohisi joto na pua inayonusa.

Neno "kulegea" linaficha mambo matatu tofauti, na dawa ya moja si dawa ya lingine.

Kuna soketi inayocheza ukutani: uso wake unatikisika, au boksi la chuma lililozikwa ukutani limeachana na saruji. Kuna soketi iliyotulia ukutani lakini plagi inacheza ndani yake; unaichomeka inainama kwa uzito wake mwenyewe, au taa ya chaja inazimika ukiigusa. Hapo mabamba ya ndani yamechoka. Na kuna ya tatu ambayo huioni wala kuisikia: nyaya zimelegea kwenye skrubu nyuma ya soketi. Ya kwanza huzaa ya tatu, kwa sababu kila soketi inapovutwa na kurudishwa, nyaya zinapinda na kunyooka, skrubu zinalegea robo mzunguko, waya mmoja mwembamba unakatika. Yangu ilikuwa na zote tatu.

Kwa nini tatizo hili limeenea hivi Kitengela? Niliwahi kufikiri ni uzembe wa mafundi tu. Uzembe upo, lakini anza na ardhi. Sehemu kubwa ya mji imesimama juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaowanasa wenye magari kila mvua inaponyesha. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Mjenzi mwangalifu anauchimba wote hadi afike kwenye mwamba au murram, kisha anajaza mawe. Anayebana gharama anauacha. Nyumba yake itapanda na kushuka kidogo kila msimu, mvua za Machi hadi Mei, za Oktoba hadi Desemba, na kiangazi katikati. Ufa hupenda kuanzia pembeni mwa tundu, na ukuta wa nyumba ya kupanga una matundu gani mengi kama si ya soketi na swichi?

Ongeza mawe yenyewe. Kuta nyingi za huku ni za mawe ya kukatwa kwa mashine, mengine ya Ndarugo. Fundi wa stima anakuja ukuta umeshasimama, anachonga tundu kwa patasi na nyundo, na jiwe likimeguka zaidi ya alivyotaka, anazibia kwa saruji. Saruji hiyo ikiwa na mchanga mwingi, au ikiwekwa juu ya vumbi bila kulowesha jiwe, haitashika. Mwaka wa kwanza hutaona. Baada ya kuchomeka na kuchomoa mara elfu, boksi linaanza kucheza kama jino la mtoto.

Halafu haraka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti yetu ya Kajiado. Ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Watu hao wote walihitaji pa kulala, na wengi waliteremkia ukanda huu unaopakana na Nairobi, wakifuata kazi za viwanda vya EPZ ya Athi River na kodi iliyo nafuu kuliko ya jijini. Maghorofa yalipanda kwa kasi ambayo hakuna mkaguzi angeifikia, na vyumba vingi vikawekewa soketi moja, au mbili ukibahatika. Kwenye soketi hiyo moja kunaning'inia ekstensheni, na kwenye ekstensheni kuna televisheni, friji ndogo, chaja tatu, na asubuhi koili ya kuchemshia maji ya kuoga ndani ya ndoo. Sijui kama kuna kifaa kinachoitesa soketi kuliko koili: inavuta ampea nyingi muda mrefu, na inachomekwa na kuchomolewa kila siku alfajiri na mtu mwenye usingizi na mikono iliyolowa.

Na kuna kalamu. Plagi yetu ya miguu mitatu tuliirithi kwa Waingereza, waliotoa kiwango chake, BS 1363, mwaka 1947. Ina akili nyingi. Mguu wa arthi ni mrefu kuliko mingine kwa milimita 5. Unatangulia kuingia na kufungua vizuizi vinavyofunika matundu ya laivu na nyutro, ili mtoto asiingize msumari. Lakini vifaa vingi tunavyonunua vinakuja na miguu miwili ya mviringo. Kwa hiyo tunachukua mfuniko wa biro, tunausukuma kwenye tundu la arthi, vizuizi vinafunguka, tunasukumiza ile miguu miwili. Nimeyafanya haya mwenyewe tangu nikiwa shule ya bweni. Miguu hiyo ya mviringo inaachana kwa milimita 19 hivi, na matundu ya soketi yetu yanaachana kwa 22. Kinachoziba tofauti hiyo ni nguvu. Mabamba yanapanuliwa na kupindwa, na siku ukirudisha plagi ya miguu mitatu, yanaigusa kwa nukta badala ya kuikumbatia. Adapta hugharimu pesa kidogo sana, na ni katika vitu vichache ambavyo ningemwambia mtu yeyote anunue leo hii. Zile ekstensheni zenye matundu yanayopokea kila aina ya plagi si suluhisho. Tundu linalompokea kila mmoja halimshiki yeyote vizuri, na nyingi hazina vizuizi kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Ningependa kusema waziwazi nafasi ya mwenye nyumba iko wapi, maana kuna maandishi yanayomtisha mtu asiguse chochote, na mengine yanayomfanya fundi kwa dakika tano. Kukaza uso wa soketi unaocheza, kutazama nyuma yake na kutambua hatari, mtu mzima mwangalifu anaweza. Kubadilisha soketi iliyoungua, kuvuta waya mpya, au kugusa chochote kwenye kisanduku cha breka, aachiwe mwenye leseni. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka anayefanya kazi za kuunganisha nyaya awe amepewa leseni na mamlaka ya nishati, EPRA, kwa madaraja yanayoanzia C2 kwenda juu. Kumwomba fundi akuonyeshe cheti chake si kumkosea heshima. Fundi wangu alikitoa kwenye simu kabla sijamaliza kuuliza.

Alipofika, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Mama, meni iko wapi?" Nikamwambia nimeshazima swichi ya soketi. Akatikisa kichwa. Ile swichi ndogo iliyo kwenye uso wa soketi inakata laivu isifike kwenye plagi. Skrubu zilizo nyuma, ambazo vidole vyako vitazigusa, zinabaki na volti 240 zote. Unazima meni, yaani swichi kuu ya nyumba, au breka ya soketi ikiwa umehakikisha ndiyo yenyewe, na unamwambia kila aliye nyumbani.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu hasa. Tokeni zinaisha, giza linaingia, mtu anasema: vizuri, stima haipo, ngoja nirekebishe ile soketi. Amefungua, ameshika waya. Mwenzake aliye kazini anapigiwa na watoto, ananunua tokeni kwa M-Pesa, anawatumia zile tarakimu 20, mtoto anazibonyeza kwenye kibao cha vitufe sebuleni. Stima imerudi. Vivyo hivyo wakati stima imepotea mtaa mzima: hakuna anayekupigia simu kukuambia inarudi saa ngapi. Stima kutokuwepo si sawa na stima kuzimwa. Meni izimwe hata kukiwa giza.

Kisha testa. Fundi aliichomeka kwanza kwenye soketi ya sebuleni ikiwa bado na stima, ikawaka. Akazima meni, akapima ya jikoni, haikuwaka. Akawasha tena meni, akarudi kuipima sebuleni, ikawaka, ndipo akazima meni mara ya mwisho na kuipima ya jikoni upya. Nilimuuliza mbona anazunguka hivyo. Akasema testa iliyokufa na waya uliokufa hufanana. Pia alikuwa na mita ya kupimia, ambayo ni bora, kwa sababu taa ya testa ya bisibisi inaweza kukataa kuwaka kwa sababu tu umevaa viatu vya mpira na kusimama juu ya mkeka.

Skrubu mbili, na uso ukatoka. Nyuma kulikuwa na nyaya nyekundu, nyeusi na kijani, zile rangi za zamani. Nyumba mpya utakuta kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa arthi, na nyumba iliyoongezwa vyumba utakuta zote mbili zimekutana. Alishika kila waya akauvuta taratibu. Mweusi ulishika. Mwekundu ulitoka mkononi mwake bila kubishana, na shaba yake ilikuwa nyeusi, imekakamaa, na ganda lake limeungua kiasi cha urefu wa kidole gumba. Ulikuwa umebanwa juu ya ganda: skrubu ilikuwa imekaa nusu kwenye shaba, nusu kwenye plastiki. Miaka sita plastiki ile imekuwa ikilainika na kunyauka chini ya skrubu.

Akachukua kisu akakwangua shaba. Anafanya hivyo kila mahali, alisema, tangu alipoanza kukutana na nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu. Ukikwangua ukaona weupe, umeuziwa alumini; inapanuka zaidi ikipata joto, inajikunja polepole chini ya skrubu, na kiungo kinalegea hata kama kilikazwa vizuri. Yangu ilikuwa nyekundu hadi ndani. Alikata sehemu yote iliyoungua hadi akafikia shaba inayong'aa, akaichuna upya, akaikunja mara mbili ili skrubu ipate kitu cha kuuma. Baada ya kukaza, alivuta tena.

Boksi ndilo lililochukua muda. Angeweza kuongeza skrubu ndefu zaidi na kuondoka; wengi hufanya hivyo, na skrubu ndefu inaweza kutoboa waya ulio nyuma yake. Alilitoa lote, akafagia vumbi kwenye tundu, akalilowesha jiwe, akalikandika boksi kwa saruji nzito, na akatuambia tusiifunge soketi hadi kesho yake. Nyaya alizifunika kila mmoja kivyake kwenye viunganishi, breka ya soketi ikabaki imezimwa, na tukapika kwa gesi usiku huo.

Soketi ya zamani haikurudi. Bamba lililolegea halinyooshwi kwa bisibisi, na plastiki iliyobadilika rangi imeshapoteza ugumu wake. Ila jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba aliikata pia plagi ya birika. Mguu wake wa laivu ulikuwa na alama ya bluu na kahawia, wenye ukakasi ukiupitishia kucha. Ukiichomeka plagi hiyo kwenye soketi mpya, inaanza kuiharibu siku hiyo hiyo. Watu wengi hubadilisha soketi mara tatu bila kujua kwamba ugonjwa unaletwa na plagi.

Alipima na arthi. Huku kwetu hili lina uzito wake, kwa sababu ya udongo ule ule. Mfinyanzi uliolowa ni mwenyeji mzuri wa fimbo ya arthi. Kiangazi unanywea na kuachana nayo, na fimbo fupi iliyopigwa juu juu inabaki imesimama kwenye shimo kama mti wa ua. Boksi la chuma lisipokuwa na arthi, na waya wa laivu ukachomoka kama ule wangu na kuligusa, hakuna cha kuruka. Skrubu mbili za uso wa soketi zimeshikana na boksi hilo, nazo ndizo kidole cha mtoto hufikia kwanza.

Ukitoka mjini kwenda Kajiado, ukapita Isinya na kuendelea hadi Bissil, au ukaingia ndani upande wa Mashuuru, maboma mengi hayana meni ya kuzima. Yana paneli ya sola na betri ya volti 12, na watu huniambia volti 12 haimuui mtu. Kwa mshtuko, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa moto, hapana. Wati 120 kwa volti 240 ni nusu ampea. Kwa volti 12 ni ampea 10, na joto la kiungo kilicholegea hufuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe. Zaidi ya hapo, stima ya nguzo hupitia sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti sifuri. Nafasi hiyo cheche haiipati. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa karatasi ya plastiki, chini ya paa la nyasi, unanitia hofu kuliko soketi yangu.

Swali la nani alipe lilitukalisha na keateka wa jengo letu kwa muda. Kenya Power kazi yao inaishia kwenye mita. Kuanzia hapo kwenda ndani ni mali ya mwenye nyumba, na kwa maoni yangu boksi lililoachana na ukuta na waya uliobanwa juu ya ganda ni makosa ya ujenzi, hayawezi kuwa deni la mpangaji. Mabamba yaliyopanuliwa kwa kalamu ni jambo lingine, na hapo nilikubali kununua soketi mwenyewe. Mwenye nyumba alilipa fundi. Nilimpigia mwenyewe, nikamtumia picha ya ule waya mwekundu, na nafikiri picha ilisema zaidi yangu.

Kesho yake fundi alirudi, akafunga soketi mpya, akawasha meni, akachemsha birika mara tatu mfululizo, kisha akaweka mgongo wa mkono wake juu ya uso wa soketi na kunikaribisha niweke wangu. Palikuwa pa baridi kama ukuta.

Keateka alikuwa amesimama mlangoni. Akasema jengo hili lina nyumba kumi na mbili, na zote zilitiwa nyaya na mtu mmoja, katika wiki mbili. Jumamosi tulifungua jikoni kwa jirani wa ghorofa ya chini, meni ikiwa imezimwa na testa imepimwa. Waya wake mwekundu ulikuwa umebanwa vilevile, nusu kwenye shaba, nusu kwenye ganda. Zimebaki kumi.